WAKALA WA MAKTABA
Jinsi seva ya proksi inavyofanya kazi, na kwa nini haina budi kutunzwa kila siku

Utangulizi

Mji wa Morogoro umejengwa chini ya Milima ya Uluguru, kiasi cha kilomita 190 magharibi ya Dar es Salaam. Pembeni mwa mji, pale ardhi inapoanza kupanda kuelekea mlimani, kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984. Ndani ya chuo hicho imo Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1991 ili ihudumie chuo na taifa zima katika elimu ya kilimo.

Lakini kazi ya kilimo na misitu haimalizikii maktabani. Mwanafunzi anayechunguza wadudu wa kabichi hana budi kwenda kukaa Mgeta, kwenye miteremko ya magharibi ya Uluguru. Mwenzake anayepima miti huenda akakaa wiki kadhaa Mazumbai, katika Milima ya Usambara, ambako chuo kina msitu wake wa mafunzo. Huko ndiko maswali yanakozuka. Mdudu asiyefahamika ameonekana kwenye majani. Mwanafunzi anataka kujua kama wataalamu wa nchi nyingine wamekwisha kumchunguza, na dawa gani ilimshinda. Anatafuta kwa simu yake, anaona kichwa cha makala anayoihitaji katika jarida la kisayansi, lakini anapojaribu kuifungua anaambiwa alipe, mara nyingi dola 30 au zaidi kwa makala moja. Makala hiyo hiyo, kama angekuwa amekaa ndani ya maktaba ya chuo chake, ingefunguka bila kulipiwa senti moja.

Ni chombo gani kinachoweza kuifikisha haki ya maktaba hadi mlimani? Chombo hicho ni programu ya kompyuta iitwayo proksi, yaani wakala. Makala hii inaeleza jinsi wakala huyo anavyofanya kazi, na jambo ambalo husahauliwa mara nyingi: kwamba kuisimika programu ni kazi ya siku moja, bali kuitunza ni kazi ya kila siku, na uzembe wa siku chache unaweza kuwanyima maelfu ya wasomaji elimu ambayo ni haki yao.

Kwa nini mlango hufungwa?

Kila kompyuta inayozungumza na nyingine katika intaneti hutumia anwani ya tarakimu. Katika mfumo wa zamani, ambao bado unatumika sana, anwani hiyo ni namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, kila namba ikiwa kati ya 0 na 255. Kwa mfano, 192.0.2.10. Kwa hesabu rahisi, 256 ikizidishwa yenyewe mara nne hutoa anwani 4,294,967,296. Chuo hupewa fungu lake la anwani, kama vile kijiji kinavyopewa eneo lake la ardhi lenye mipaka inayojulikana.

Chuo kinapopata ruhusa ya kusoma majarida ya mchapishaji fulani, humpelekea mchapishaji huyo orodha ya anwani zake. Tangu hapo, seva ya mchapishaji, yaani kompyuta inayotoa huduma kwa kompyuta nyingine, hutazama kila ombi linalofika. Ombi likitoka katika fungu la chuo, makala hufunguliwa. Likitoka kwingineko, hukataliwa. Mchapishaji haulizi jina la msomaji. Anauliza tu ombi limetoka wapi.

Utaratibu huu ni mwepesi, na ndiyo sababu umeenea duniani kote. Kasoro yake ni kwamba unatambua mahali, hautambui mtu. Mwanafunzi wa Morogoro akiwa Mgeta anatumia mtandao wa kampuni ya simu, na ombi lake linabeba anwani ya kampuni hiyo. Zaidi ya hayo, kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja kwa pamoja kwa sababu anwani hazitoshi. Hivyo mchapishaji hana njia ya kumtofautisha mwanafunzi huyo na mtu mwingine yeyote mwenye simu, naye hulazimika kumfungia mlango.

Wakala ni nini?

Mkulima aliye mwanachama wa ushirika anaweza kupata pembejeo ghalani kwa bei ya wanachama. Siku akiwa mgonjwa, humtuma mtu anayefahamika pale ghalani. Karani wa ghala hamwoni mkulima; anamwona mjumbe anayemjua. Mjumbe huchukua mbolea na kumpelekea aliyemtuma. Kazi ya proksi ni hiyo hiyo. Ni programu inayokaa katika seva ya chuo, ndani ya fungu la anwani za chuo, ikipokea maombi ya wasomaji walio mbali na kuyapeleka kwa wachapishaji kwa niaba yao.

Safari ya ombi moja inaweza kugawanywa katika hatua sita:

1. Msomaji aliye mbali hufungua ukurasa wa maktaba na kubonyeza jina la jarida analolitaka.
2. Seva ya proksi humtaka ajitambulishe kwa jina lake na nywila, yaani neno la siri.
3. Seva huuliza katika orodha ya wanachama wa chuo kama mtu huyo yumo. Akiwamo, hupewa alama ndogo ambayo kivinjari chake huihifadhi. Alama hiyo hufanya kazi ya tikiti, ili asiulizwe nywila kwa kila ukurasa.
4. Seva huomba ukurasa kwa mchapishaji. Mchapishaji anaona anwani ya chuo, anaridhika, na kuutoa.
5. Seva huupitia ukurasa huo na kubadilisha viungo vyake vyote, ili msomaji akibonyeza popote, ombi lipitie tena kwa wakala.
6. Ukurasa humfikia msomaji.

Hatua ya tano ndiyo moyo wa kazi yenyewe. Kama viungo visingebadilishwa, ukurasa wa kwanza ungefunguka vizuri, lakini mara tu msomaji akibonyeza neno la kumpeleka kwenye makala, kivinjari chake kingekwenda moja kwa moja kwa mchapishaji, kikiwa na anwani ya simu, na mlango ungefungwa tena.

Jinsi anwani zinavyoandikwa upya

Chukua mfano wa jarida la kubuni lenye anwani www.jarida.mfano, na seva ya proksi iitwayo maktaba.chuo.mfano. Wakala hubadilisha anwani ya jarida ikawa www-jarida-mfano.maktaba.chuo.mfano. Kivinjari huona kwamba jina linaishia na jina la maktaba, hivyo hupeleka ombi huko. Wakala naye husoma sehemu ya mwanzo, akajua ni jarida lipi linalotakiwa.

Msomaji makini atauliza kwa nini nukta za jina la jarida zimegeuzwa kuwa vistari. Sababu yake ni ya kiusalama. Mawasiliano kati ya kivinjari na seva husimbwa, yaani hugeuzwa kuwa mafumbo, ili mtu wa kati asiyasome. Kabla ya kusimba, kivinjari hudai cheti kinachothibitisha kwamba seva ndiyo yenye jina hilo kweli. Maktaba haiwezi kuomba cheti kwa kila jarida, huomba cheti kimoja chenye alama ya nyota, ambayo maana yake ni “neno lolote mbele ya maktaba.chuo.mfano”. Lakini nyota hiyo hukubali neno moja tu lisilokuwa na nukta ndani yake. Jina www.jarida.mfano lina nukta mbili, kwa hiyo lisingekubaliwa. Nukta zikigeuzwa vistari, jina zima huwa neno moja, na cheti hukubaliwa.

Hapo pana jambo la kuzingatia. Ili wakala aweze kubadilisha viungo, hana budi kuufumbua ukurasa uliosimbwa, kuuandika upya, kisha kuusimba tena. Kwa maneno mengine, wakala anasoma kila kinachopita. Ndiyo maana seva hii hupaswa kupitisha majarida yaliyoorodheshwa tu, na kamwe isitumike kwa barua za watu wala mambo ya benki. Mjumbe aliyepewa kazi ya kuchukua mbolea hapewi pia ufunguo wa nyumba.

Asili ya programu hizi

Programu iliyotumiwa sana kwa kazi hii ilitungwa mwaka 1999 na Chris Zagar, mkutubi wa chuo kimoja katika jimbo la Arizona, Marekani. Aliiita EZproxy. Kabla yake, msomaji alitakiwa kubadilisha yeye mwenyewe mpangilio wa kivinjari chake, kazi iliyowashinda wengi. Zagar aliuhamishia mzigo huo kwenye seva. Mwezi Januari 2008 programu hiyo ilinunuliwa na OCLC, shirika la ushirikiano wa maktaba lenye makao yake Ohio. Zipo pia programu nyingine zinazofanya kazi kama hiyo, na kanuni ni ile ile.

Nchi zenye kipato kidogo zilihitaji kwanza haki ya kusoma, ndipo zihitaji wakala. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa Hinari kwa majarida ya afya, na mwaka 2003 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likaanzisha AGORA kwa majarida ya kilimo. Mipango hiyo, pamoja na ile iliyoifuata ya mazingira, ufundi na sheria, imeunganishwa chini ya jina la Research4Life. Tanzania imo katika kundi la nchi ambazo taasisi zake zilizoandikishwa hupata majarida hayo bila malipo. Lango la mpango huo lenyewe lilikuwa wakala wa aina iliyoelezwa hapa: kwa miaka mingi, msomaji aliyeingia kupitia Hinari aliona katika kivinjari chake jina la lango la Shirika la Afya Duniani likitangulia jina la mchapishaji.

Jambo jingine lililohitajika ni njia ya mawasiliano yenye upana wa kutosha. Inafaa ikumbukwe kwamba wakala hubeba mzigo mara mbili. Makala yenye ukubwa wa megabaiti 2 huingia chuoni kutoka kwa mchapishaji, kisha hutoka chuoni kwenda kwa msomaji. Wasomaji 30 wakiomba makala kama hizo kwa wakati mmoja, megabaiti 60 huingia na 60 hutoka. Wakati mawasiliano ya Afrika ya Mashariki na nchi za nje yalipotegemea setilaiti zilizo kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ikweta, kila ujumbe ulisafiri zaidi ya kilomita 70,000 kupanda na kushuka, safari inayochukua karibu robo ya sekunde hata kwa mwendo wa nuru. Waya wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwezi Julai 2009, ukifuatiwa na wa EASSy mwaka 2010, kazi ya namna hii ikawa nyepesi zaidi.

Kuitunza seva

Wakulima wa Mgeta wanaomwagilia mashamba kwa mifereji wanaujua umuhimu wa banio, yaani pale maji yanapogawanywa kutoka kijitoni. Banio likizibwa na takataka, mashamba yote ya chini hukauka. Likiachwa wazi bila kiasi, maji hubomoa kingo, na baada ya hapo hakuna anayepata. Seva ya wakala ni banio la namna hiyo. Mambo matano yanahitaji macho ya mtunzaji wake.

Kwanza, orodha ya majarida. Programu huongozwa na faili la maelekezo lenye jina la kila jarida na anwani zake. Wachapishaji hubadilisha anwani zao, huungana, au huhamishia picha na makala kwenye seva nyingine. Orodha isipofuata mabadiliko hayo, msomaji huona ukurasa usio na picha, au huambiwa kwamba jarida halimo. Kosa la upande wa pili ni kuandika anwani kwa upana mno, kwa mfano kuruhusu kila jina linaloishia kwa namna fulani. Hapo seva huweza kupitisha tovuti zisizokusudiwa, na watu wasiohusika huitumia kama njia ya kujificha.

Pili, utambulisho wa wasomaji. Kila msomaji anapaswa kuwa na jina lake na nywila yake. Mwanafunzi akihitimu au mtumishi akihama, jina lake liondolewe. Ni vyema orodha ya wakala iwe ile ile ya chuo, ili jina likiondolewa mahali pamoja liwe limeondolewa kote.

Tatu, vyeti na saa. Cheti cha usalama kina tarehe ya mwisho. Ikipita, vivinjari vyote huonyesha onyo la kutisha, na wasomaji hudhani seva imevamiwa. Tangu Septemba 2020 cheti kipya hakikuruhusiwa kuzidi siku 398. Mwaka 2025 jumuiya ya watoaji vyeti na watengenezaji wa vivinjari iliamua muda huo upunguzwe hatua kwa hatua: siku 200 kuanzia tarehe 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia Machi 2027, na siku 47 kuanzia Machi 2029. Kazi iliyoweza kukumbukwa mara moja kwa mwaka itakuwa kazi ya kila mwezi na nusu. Kwa hiyo seva haina budi kufundishwa kuhuisha cheti chake yenyewe, na mtunzaji abaki kuhakikisha kwamba imefanya hivyo. Saa ya seva nayo irekebishwe daima kwa kulinganishwa na saa za kuaminika katika mtandao, kwani saa iliyopotea huweza kuifanya seva ikatae cheti kilicho halali.

Nne, marekebisho na nakala. Watunga programu hutoa matoleo mapya yanayoziba nyufa zilizogunduliwa. Toleo jipya lijaribiwe kwanza kwenye seva ya majaribio, kisha lisimikwe usiku au wakati wasomaji ni wachache. Kabla ya kugusa chochote, nakala ya faili la maelekezo ihifadhiwe mahali pengine, ili mambo yakiharibika seva irudishwe ilivyokuwa katika muda wa dakika chache. Aidha, programu isiendeshwe kwa mamlaka yote ya seva, bali kwa mamlaka madogo yanayoitosha. Mvamizi akiipenya, atakuta chumba kimoja tu badala ya nyumba nzima.

Tano, umeme. Umeme unapokatika na kurudi, kompyuta huwaka tena, lakini programu haiwaki yenyewe ila imeagizwa kufanya hivyo. Seva nyingi zimekaa bubu mwisho wa juma mzima kwa sababu ya agizo hilo moja lililosahauliwa. Betri ya akiba inayoipa seva muda wa kuzima kwa utaratibu huokoa pia mafaili yasiharibike.

Nywila moja inapovuja

Hatari iliyo kubwa kuliko zote haitokani na mitambo bali na watu. Mwanafunzi mmoja humpa rafiki yake nywila kwa nia njema. Rafiki humpa mwingine, na hatimaye nywila huangukia mikononi mwa watu wanaokusanya makala kwa wingi kwa kutumia programu. Msomaji wa kawaida, akifanya bidii, anaweza kufungua makala kumi kwa siku. Programu inayochukua makala moja kila sekunde tatu huchukua 1,200 kwa saa, na 9,600 kwa usiku wa saa nane.

Mchapishaji huona mafuriko hayo yakitoka wapi? Huyaona yakitoka katika anwani moja tu, ile ya wakala. Hamjui mwizi wala hamjui mwanafunzi aliyetoa nywila. Anachoweza kufanya ni kimoja, nacho ni kuifunga anwani hiyo. Hapo mwanafunzi aliye Mgeta, mwalimu aliye Mazumbai, na wengine wote ambao hawakutenda kosa lolote hukuta mlango umefungwa. Lango lililoachwa wazi kupita kiasi huishia kufungwa kabisa.

Kinga yake ni daftari la kumbukumbu. Programu ya proksi huandika mstari mmoja kwa kila ombi: saa, jina la msomaji, anwani aliyotokea, ukurasa aliouomba, na ukubwa wake. Mtunzaji anayelisoma daftari, au aliyeiagiza programu ilisome kwa niaba yake, hutafuta dalili mbili. Ya kwanza ni jina moja kuonekana Morogoro na katika bara jingine ndani ya saa moja, jambo lisilowezekana kwa mtu mmoja. Ya pili ni kiasi cha makala kisicholingana na uwezo wa binadamu wa kusoma. Seva inaweza pia kuwekewa kipimo, kwamba jina lolote likizidi kiasi fulani kwa saa lisimamishwe lenyewe.

Hapa ndipo thamani ya kila msomaji kuwa na jina lake inapoonekana. Katika miaka ya mwanzo ya mipango ya Hinari na AGORA, taasisi ilipewa jina moja na nywila moja, ambazo mkutubi aliwagawia wasomaji wote. Nywila ya namna hiyo ikibandikwa mahali pa wazi, dawa ilikuwa kuibadilisha kwa taasisi nzima na kuwatafuta wasomaji wote upya. Palipo na wakala anayemtambua kila mmoja, husimamishwa jina moja lenye kosa, na wengine huendelea kusoma bila hata kujua kwamba kulitokea jambo.

Siri ya msomaji

Daftari linaloilinda maktaba linaweza pia kumdhuru msomaji. Mistari yake huonyesha nani alisoma nini na lini. Mtumishi anayesoma mfululizo makala kuhusu ugonjwa fulani amekwisha kueleza, bila kutaka, habari ya afya yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa nchini Tanzania mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi linalojulikana, zisizidi mahitaji, na zisihifadhiwe kupita muda wake. Kwa seva ya wakala maana yake ni wazi: daftari lisomwe na wachache waliopewa dhamana hiyo, litumike kwa ulinzi na takwimu, na baada ya muda uliowekwa majina yafutwe, zibaki hesabu tu.

Mipaka ya wakala

Wakala hawezi kila kitu. Hafiki mahali pasipo na mtandao, na katika mabonde ya Uluguru migongo ya milima huzuia mawimbi ya redio ya simu hata mtu akalazimika kupanda kilimani kutafuta mawasiliano. Wakala hatoi haki ambayo chuo hakina. Hupeleka mbali ile iliyopo. Wala, kinyume cha wanavyodhani wengi, hamfichi msomaji, kwani kama ilivyoelezwa kila ombi huandikwa.

Zipo njia nyingine. Mojawapo ni mtandao pepe binafsi, ambao huifanya kompyuta iliyo mbali ihesabiwe kama imo chuoni kwa kila jambo. Njia hiyo ina nguvu, lakini humtaka msomaji asimike programu katika kifaa chake. Nyingine ni utambulisho wa shirikisho, ambamo mchapishaji huiuliza taasisi moja kwa moja, “Je, huyu ni wako?”, na taasisi hujibu ndiyo au hapana. Hapo hakuna haja ya kubadilisha viungo. Njia bora kuliko zote kwa msomaji ni makala kuchapishwa wazi, zikasomwa na kila mtu bila lango lolote. Nazo zinaongezeka mwaka hadi mwaka. Hata hivyo, majarida mengi bado yamefungwa, na maadamu yamefungwa, wakala ataendelea kuhitajika.

Zoezi la darasani

Kanuni ya wakala inaweza kuonyeshwa shuleni bila kompyuta, kwa bahasha na karatasi tu. Mwanafunzi mmoja awe mchapishaji. Apewe kadi kumi zenye habari, na aagizwe kujibu barua zilizoandikwa “Kutoka: Chuo” peke yake. Wa pili awe wakala, akiwa na orodha ya majina ya wanachama na daftari. Watano wawe wasomaji, kila mmoja na neno lake la siri.

Kwanza wasomaji wamwandikie mchapishaji moja kwa moja, waone barua zikirudishwa. Kisha wamwandikie wakala, naye ahakikishe neno la siri, aandike katika daftari, atie ombi katika bahasha ya chuo na kulipeleka. Baada ya hapo mwalimu amnong’oneze msomaji mmoja ampe mwenzake wa nje neno lake la siri, na huyo aombe kadi mfululizo. Mchapishaji akiona maombi yamezidi, akatae bahasha zote za chuo. Darasa lijaribu kumtambua aliyevujisha neno kwa kutumia daftari la wakala peke yake. Mwishowe zoezi lirudiwe wasomaji wote wakitumia neno moja la siri, na darasa lione kama bado linaweza kumtambua.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mchapishaji anayetazama anwani peke yake hawezi kumtambua mwanafunzi aliye Mgeta?
2. Ukurasa wa jarida unafunguka vizuri, lakini kila kiungo kinachobonyezwa humtaka msomaji alipe. Ni hatua ipi kati ya zile sita iliyoharibika?
3. Makala moja ina megabaiti 3, na wasomaji 40 wanaiomba kupitia wakala. Ni megabaiti ngapi zinazopita katika njia ya mawasiliano ya chuo kwa jumla, kuingia na kutoka?
4. Andika jina ambalo wakala maktaba.chuo.mfano angelitumia kwa jarida lenye anwani www.udongo.mfano, na ueleze sababu ya vistari.
5. Maktaba inapaswa kuhifadhi daftari la kumbukumbu kwa muda gani? Toa hoja za mkutubi anayelinda seva, kisha hoja za msomaji anayelinda siri yake.